Kusikiliza si Kusaliti: Mkristo na Mkutano wa Chama Asichokiunga Mkono



Jambo ninalotaka tulitafakari limeletwa mbele yangu mara nyingi katika jumuiya ndogo ndogo za Simiyu, na kwa kawaida haliletwi kama swali bali kama mashtaka: "Padre, kiongozi wetu ameonekana kwenye mkutano wa wale." Neno "wale" halihitaji kufafanuliwa. Kwa mwana-CCM, "wale" ni CHADEMA, ACT-Wazalendo au UDP. Kwa wanachama wa vyama hivyo, "wale" ni CCM. Kiongozi huyo hashtakiwi kwa kusema neno baya wala kwa kuchukua kadi. Anashtakiwa kwa kuwa alikuwapo, akasimama, akasikia.

Ninaandika kusema kwamba kwenda kumsikiliza mtu usiyekubaliana naye si usaliti. Ni sehemu ya haki ambayo kila Mkristo anadaiwa, na jumuiya inayomwadhibu mtu kwa sababu hiyo inajidhulumu yenyewe. Mipaka ipo, nami nitaitaja.

KOSA LANGU MWENYEWE

Nianze kwa kuungama, maana si haki kuwaonya wengine hali nimejificha. Mwaka 2023, muda mfupi baada ya mikutano ya hadhara kuruhusiwa tena, mwenyekiti wa jumuiya moja katika kigango kilicho mbali kidogo na mji wa Bariadi alikwenda kwenye mkutano wa chama ambacho wengi wa jumuiya yake hawakitaki, na ambacho yeye mwenyewe hakuwa mwanachama wake. Ni mzee mkulima wa pamba, mtu wa sala. Alisikia kwamba wasemaji wa siku hiyo wangezungumzia bei ya pamba na makato ya pembejeo, akachukua baiskeli yake akaenda. Alikaa mpaka mwisho. Hakupiga makofi wala hakuzomea. Jumapili iliyofuata viongozi wa kigango walimwita ajieleze, na Jumatatu wajumbe watatu walikuja kwangu wakitaka aondolewe.

Nami nilifanya nini? Nilimwita mzee yule nikamshauri ajiuzulu kwa ajili ya amani. Sikumwuliza alichosikia. Sikumwuliza hata sababu ya kwenda. Aliniitikia kwa unyenyekevu, akainuka, na alipofika mlangoni akageuka akasema: "Baba, nilikwenda kusikiliza tu. Ningejua kuwa ni dhambi ningeiungama." Akaenda zake.

Amani niliyoinunua siku ile ilikuwa ya bei ghali. Tangu hapo hakuna mtu wa jumuiya ile aliyethubutu kusema mbele ya wenzake jambo ambalo wengi hawakulipenda, hata mambo yasiyohusu siasa kabisa. Hesabu za michango ya ujenzi wa kanisa zilisomwa mara mbili, na mara zote mbili watu walinyamaza. Kasoro zilipogunduliwa baadaye, nilimwuliza mama mmoja kwa nini hakusema, naye aliijua dosari tangu mwanzo. Akanijibu: "Baba, tuliona yaliyompata mwenyekiti." Watu waliofundishwa kuogopa kumsikia mpinzani huishia kuogopana wao kwa wao.

SHERIA HUMSIKIA MTU KWANZA

Injili ya Yohane inatuonesha Nikodemo mara tatu. Katika sura ya 3 anakwenda kwa Yesu usiku. Katika sura ya 7 yumo barazani pamoja na wakuu ambao wamekwisha kukata shauri juu ya Yesu, naye anawakumbusha kwamba Torati yao yenyewe inadai mtuhumiwa asikilizwe kwanza. Hawamjibu kwa hoja. Wanamwuliza kama naye ni mtu wa Galilaya. Yaani, je, na wewe umekuwa wa wale? Katika sura ya 19 anakuja na manemane kumzika Bwana, wakati ambapo wengi wa marafiki walikuwa wamekimbia. Aliyeanza kwa kusikiliza gizani alimaliza kwa kusimama mbele ya watu.

Mtu atasema: Nikodemo alimsikiliza Mwana wa Mungu, si mwanasiasa wa jukwaani. Ni kweli. Lakini kanuni aliyoitetea barazani haikumhusu Yesu peke yake. Ilikuwa sheria ya kila mshtakiwa, mwema na mwovu. Yoshua bin Sira naye (11:7-8) anatuonya tusilaumu kabla ya kuchunguza wala kujibu kabla ya kusikia.

Tulipokuwa Seminari Kuu ya Kipalapala tulifundishwa kumsoma Mtakatifu Tomaso wa Akwino. Wengi wetu tulishangaa kwamba kila fungu la kitabu chake kikubwa cha teolojia huanza na hoja za wanaompinga, zimepangwa moja baada ya nyingine, kwa nguvu zake zote. Baada ya hapo ndipo anapoleta jibu lake. Alikuwa amewasoma Waislamu kama Ibn Sina na Wayahudi kama Maimonides, akapokea kwao aliyoyaona kuwa kweli na kuyakataa mengine akijua anachokikataa. Sisi mara nyingi hukataa hoja tuliyosimuliwa na adui wa mwenye hoja.

Kanisa lenyewe limewahi kuwafungulia mlango watu wasiokubaliana nalo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipokutana Roma miaka 1962 hadi 1965, Papa Yohane XXIII aliwaalika watazamaji kutoka makanisa na madhehebu yasiyo katika ushirika nasi. Waliketi ndani ya Basilika la Mtakatifu Petro, wakapewa hati zile zile zilizokuwa mikononi mwa maaskofu, wakasikia mabishano yetu yote. Kardinali wetu Laurean Rugambwa alikuwa miongoni mwa mababa wa Mtaguso huo. Hakuna aliyedhani kwamba mchungaji wa Kilutheri aliyeketi pale amekuwa Mkatoliki kwa kuketi. Na Mtaguso huo huo, katika hati ya Gaudium et Spes, namba 28, unatufundisha kuwaheshimu na kuwapenda hata wanaofikiri tofauti nasi katika mambo ya jamii, ya siasa na ya dini, na kulitenga kosa na mtu mwenye kukosa.

NCHI YETU IMEYAONA HAYA

Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda Tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, izunguke nchi nzima kuuliza kama tuendelee na chama kimoja au tuwe na vyama vingi. Takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja. Asilimia 20 hivi walitaka vyama vingi. Kama kusikiliza kungekuwa kuhesabu vichwa tu, kazi ingeishia hapo. Lakini Tume ilizipima sababu za wale wachache, ikapendekeza vyama vingi. Mwalimu Nyerere, aliyekuwa mjenzi wa mfumo wa chama kimoja, aliunga mkono mabadiliko hayo, na sheria mpya ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 1992. Kila anayesimama leo jukwaani chini ya bendera ya upinzani anasimama kwa sababu wengi walikubali kuwasikia wachache.

Hapa kwetu Bariadi mbegu hiyo iliota mapema. Katika uchaguzi mkuu wa mwaka 1995 mmoja wa wagombea wanne wa urais alikuwa John Cheyo wa UDP, chama kilichokuwa na mizizi katika eneo letu. Baadaye yeye mwenyewe alikuwa mbunge wa Bariadi Mashariki kuanzia mwaka 2005 hadi 2015. Wazee wanakumbuka nyumba ambamo baba alikuwa huku na mwana kule. Hata hivyo pamba ya baba na ya mwana ilipimwa kwenye mizani moja, nao wakapokea Komunyo kwenye altare moja. Tulijua namna ya kuishi hivyo. Kwa nini tumesahau?

Nadhani sababu mojawapo ni hii: kuanzia katikati ya mwaka 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa nje ya nyakati za kampeni, na zuio hilo liliondolewa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Januari 2023. Kijana aliyekuwa na miaka 14 zuio lilipoanza alikuwa na miaka 20 lilipoondolewa. Katika umri wa kujifunza uraia, alimjua mpinzani kwa kusimuliwa na kwa vipande vifupi vya kwenye simu. Tusishangae basi kwamba mwili wa mpinzani, sauti yake na jasho lake vilipotokea tena uwanjani, wengi waliona ni kitu cha kutisha.

Mwaka huo huo tuliona mfano ambao ningependa kila jumuiya iutafakari. Tarehe 8 Machi 2023 Rais Samia, ambaye pia ni mwenyekiti wa CCM, alikwenda Moshi kuwa mgeni rasmi katika maadhimisho ya Siku ya Wanawake Duniani yaliyoandaliwa na BAWACHA, yaani wanawake wa CHADEMA. Mwaka mmoja kabla, tarehe 4 Machi 2022, mwenyekiti wa CHADEMA wa wakati ule, Freeman Mbowe, alikuwa ameachiwa baada ya mashtaka ya ugaidi kuondolewa, na siku hiyo hiyo akapokelewa Ikulu. Wapo wa pande zote mbili walionung'unika. Wengine waliuliza Rais anatafuta nini kwa watu wanaompinga. Wengine waliuliza kwa nini chama kimkaribishe mtu ambaye serikali yake ilimweka kiongozi wao mahabusu. Lakini alikwenda, wakampokea, akasikia madai yao wakiwa uso kwa uso, nao wakamsikia.

Je, mfano huo ulizaa matunda gani? Ukweli lazima usemwe hata ukiuma. Mwezi Aprili 2025 mwenyekiti mpya wa CHADEMA, Tundu Lissu, alishtakiwa kwa uhaini, na chama chake kikaachwa nje ya uchaguzi baada ya kukataa kusaini kanuni za maadili. Siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025, na siku zilizofuata, vijana waliingia barabarani, damu ya Watanzania ikamwagika, na intaneti ikazimwa. Sisemi kwamba ukumbi mmoja wa Moshi ungeweza kuyazuia hayo yote. Ninasema kwamba ziara moja haitoshi. Anayekwenda kusikiliza na kurudi nyumbani bila kubadilisha lolote katika mwenendo wake amekwenda kupigwa picha. Kusikiliza kunadai kurudi tena, na kunadai kile kilichosikika kiingie katika sheria na katika desturi.

Na hapa Simiyu tulipewa somo letu wenyewe. Luhaga Mpina alikuwa mbunge wa Kisesa, wilayani Meatu, kwa tiketi ya CCM tangu mwaka 2005. Agosti 2025 alihamia ACT-Wazalendo, akateuliwa kuwa mgombea wake wa urais, ingawa Tume ya Uchaguzi ilimwengua. Mtu aliyekuwa "wetu" kwa miaka 20 alikuwa "wale" kwa siku moja. Na kwa watu wa upande wa pili, "yule" alikuwa "wetu". Kama kumsikiliza lilikuwa jambo jema mwezi Julai, liligeukaje kuwa uovu mwezi Agosti? Masikio yetu ni ya Mungu aliyeyaumba. Hayana kadi ya chama.

HOJA YENYE NGUVU YA WANAOKATAA

Nitimize sasa niliyojifunza kwa Mtakatifu Tomaso, niitaje hoja kubwa ya wanaonipinga. Wanasema: mkutano wa siasa si darasa. Wenye mkutano huhesabu watu, hupiga picha, na kesho hutangaza kwamba wananchi wote wako nao. Ukienda, umekwisha kuwaongezea nguvu hata kama moyoni unapinga. Na ukiwa kiongozi wa kanisa, umewaongezea nguvu mara kumi.

Hoja hii haifai kudharauliwa, hasa kwetu Usukumani. Tumekulia katika mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu. Vikundi viwili hucheza siku moja, uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watazamaji wengi zaidi. Mguu wa mtazamaji ndiyo kura yake. Wanaoyakumbuka hayo wana haki kusema kwamba kusimama mahali ni kusema neno.

Lakini tuitazame ngoma hiyo vizuri. Mtazamaji haendi moja kwa moja kwa kundi la ukoo wake akafumba macho. Huzunguka. Huenda huku, akasikia. Huenda kule, akasikia. Na heshima ya ushindi inatokana na kwamba watu waliwaona wote wawili. Tena Bagika bila Bagalu hawana mashindano. Padre David Clement, mmisionari aliyeanzisha kituo cha Bujora karibu na Mwanza, hakuogopa ushindani huo. Aliuleta katika sherehe za Bulabo wakati wa Sikukuu ya Ekaristi, makundi yote mawili mbele ya Sakramenti moja.

Pili, katika siasa mguu si kura. Kura ni ya siri, nayo iko sandukuni. Anayedanganya kwa kutumia picha ya umati ana dhambi yake; msikilizaji hana. Dawa ya udanganyifu huo ni kuizoeza jamii ijue kwamba mtu anaweza kusimama uwanjani bila kuwa mfuasi. Na jamii haitazoea kama kila anayejaribu anaondolewa uongozini.

NAMNA YA KWENDA

Kwa hiyo nawapa ndugu zangu walei mashauri haya machache.

1. Nenda wazi, kwa miguu yako na kwa nauli yako. Usichukue posho, kofia, fulana wala usafiri wa bure. Aliyelipwa ili awepo hakuja kusikiliza.

2. Usiende kuzomea wala kuharibu. Aliyefika akiwa na filimbi mfukoni ana lengo la kuwazuia wengine wasisikie. Huo ni wizi wa haki yao.

3. Kaa mpaka mwisho, na ukipewa nafasi ya kuuliza, uliza swali moja la kweli, linalohusu maji, pamba, shule au dawa zahanati.

4. Ukirudi, simulia kwa haki. Jipime hivi: kama msemaji angekuwa amesimama nyuma yako, je, angekubali kwamba ndivyo alivyosema?

5. Ondoka mara moja panapohubiriwa chuki ya kabila au dini, au panapochochewa vurugu. Kusikiliza hakutulazimishi kuwa hadhira ya matusi dhidi ya sura ya Mungu.

6. Usipotaka kwenda, usiende. Hiyo nayo ni haki yako. Lakini usimhukumu aliyekwenda.

NENO KWA SISI MAPADRE

Sisi tumewekewa mpaka mwingine. Kanuni ya 287 ya Sheria ya Kanisa inatutaka tukuze amani na mapatano yenye msingi wa haki, na inatukataza kuwa watendaji katika vyama vya siasa, isipokuwa pale mamlaka ya Kanisa itakapoona kuwa ni lazima. Walei ndio walioitwa kuitakatifuza siasa kutoka ndani; Papa Yohane Paulo II aliwasisitizia hivyo katika Christifideles Laici, mwaka 1988. Padre asipande jukwaani, asivae rangi, asiombee ushindi wa upande mmoja. Lakini mchungaji asiyejua kondoo wake wanasikia nini atawaongozaje?

Kwa sababu hiyo nami nilikwenda. Miezi kadhaa baada ya kosa langu, chama kile kile kilifanya mkutano mwingine. Nilivaa shati la kawaida nikasimama nyuma kabisa, chini ya mti. Mzee wangu alikuwapo na baiskeli yake. Akanisogelea polepole, akanisalimu, kisha akaninong'oneza: "Baba, naona leo tuko sura ya tatu." Nilimwelewa. Nikodemo alikuja usiku.

Jumapili iliyofuata nilijaribu kufika sura ya saba. Katika kigango kile, baada ya Misa, nilisema mbele ya wote kwamba nilimkosea mzee yule, kwamba nilimhukumu bila kumsikia, nami nikamwomba msamaha. Wazee wengine walinikasirikia, na bado wapo wasiokubaliana nami. Milango yangu iko wazi kwao. Yeye aliombwa kurudi katika uenyekiti akakataa, akisema vijana wachukue. Lakini alikubali kutueleza alichosikia siku ile juu ya pamba. Tulikaa chini ya mwembe karibu saa nzima. Wengine walipinga kwa sauti kubwa, wengine waliuliza. Na mama yule wa hesabu za ujenzi alinyosha mkono, akasema yeye pia ana jambo.

MASWALI YA KUTAFAKARI KATIKA JUMUIYA

1. Je, katika jumuiya yetu yupo mtu aliyenyamazishwa au kutengwa kwa sababu alionekana na watu wa chama kingine? Tufanye nini ili apatanishwe nasi?

2. Soma Yohane 7:45-52. Katika baraza lile, sisi tungekuwa upande gani?

3. Taja hoja moja ya chama usichokiunga mkono, kwa maneno ambayo wenye chama hicho wangeyakubali. Kama huwezi, nani atakusaidia kuijua?